Ng'ombe wa Rubani Kazimiri

Mimi Rutayisire wa Kirolirwe sipendi kukatizwa ninapotaja ukoo wa ng'ombe. Ni kasoro, najua. Mke wangu amenieleza mara nyingi. Lakini siku ya mahari kule Lushebere nilikatizwa nikiwa katikati kabisa, na nusura mwanangu Gentil akose mke.

Tulikuwa tumetembea siku mbili na ng'ombe wetu, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Familia ya Naomie, mchumba wa Gentil, ni watu wa Buleusa, upande wa Walikale, wakulima na wawindaji wa msituni. Vita viliwaleta Lushebere, wakabaki hapo wakilima maharagwe, na ni hapo Gentil, akiuza maziwa, alipompata Naomie. Hawajawahi kufuga ng'ombe. Hilo ningepaswa kulikumbuka kabla sijafungua mdomo.

Kwetu ng'ombe wa mahari haendi bila maneno. Msemaji husimama na fimbo yake akamtaja bibi wa kwanza wa ng'ombe huyo, kisha anateremka, mzao kwa mzao, mpaka anafika kwa yule aliyefungwa kamba. Na majina ya ukoo huu hayafanani na mengine. Marehemu baba yangu alikuwa mchungaji wa mzungu mmoja wa Poland, Kazimiri, aliyekuwa rubani wa ndege za vita kabla ya kuja kufuga huku kwetu Masisi. Vidole vyake viliungua ndani ya ndege, havikuweza kukamua. Basi kila asubuhi baba alikamua, naye Kazimiri alikaa kando kwenye kigoda, anasimulia. Siku moja alimpa baba mtamba, kwa urafiki tu. Baba hakujua kuandika, na alichukia kuona maisha kama yale yanapotea. Kila ndama jike wa ukoo ule akampa jina la jambo moja lililompata rafiki yake.

Nikaanza kwa sauti ya juu, na sauti ninayo. Bibi wa kwanza aliitwa Mrukaji, kwa kuwa Kazimiri alijua kurusha ndege kabla hajaota ndevu vizuri. Akazaa Nchi-Imeanguka: mwaka 1939 Wajerumani waliivamia Poland, naye na wenzake wakapaa na ndege zao za mwendo wa pole, wakapigana mpaka hawakuwa na pa kutua. Akazaa Vuka-Mpaka: alipita Rumania, akapita Ufaransa, mpaka Uingereza, na huko wakampa ndege yenye mbio. Akazaa Moto-wa-Vidole. Akazaa Dondoka-Baharini, maana walimpiga tena, akaruka na mwavuli, akaelea saa nne kwenye maji ya baridi. Akazaa Hana-Kwao, kwa sababu vita vilipokwisha, waliotawala nchi yake hawakuwa na haja na watu kama yeye.

Nilikuwa navuta pumzi niendelee, Papa Élie akainua mkono. Ni baba mdogo wa Naomie, na ndiye aliyekuwa msemaji wao. Walikwenda kunong'onezana nyuma ya nyumba, wakarudi na nyuso nzito. Kwao jina si mchezo. Mtoto hapewi jina la msiba, maana wanasema litamvuta.

“Papa Rutayisire, utatusamehe,” alisema. “Iyi ngombe iko na majina ya mateso tu. Kuanguka, moto, kukosa kwao. Tukiingiza ile ngombe hapa, njo tunaingiza ile mateso kwa nyumba ya mutoto yetu. Mutuletee ingine.”

Nyingine ya wapi? Tumekimbia mara mbili na sisi, na katika kundi lote ni ukoo huu tu uliobaki. Isitoshe, kwetu ukimkataa ng'ombe kwa sababu ya bibi zake, umemkataa aliyemleta. Damu ikanipanda kichwani. Nikaanza kuikunja kamba ya ng'ombe, turudi naye kwetu. Gentil alikuwa amevaa shati jipya, jasho linamtiririka. Naomie alisimama mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni. Niliwaona wote wawili, na bado nikaendelea kukunja. Ndivyo nilivyo, Mungu anisamehe.

Bibi yake Naomie, Mama Euphrasie, alikuwa mkekani akichambua sombe, majani ya muhogo, tangu tulipofika, kama mtu ambaye hayamhusu. Akauliza bila kuinua macho.

“Sasa ule muzungu, alikufiaka wapi?”

“Mu kitanda yake, mama. Kirolirwe. Alikuwa na miaka makumi nane.”

Akaniambia niketi, nieleze vizuri. Nikaketi, nikasimulia bila fimbo wala sifa. Kwamba asubuhi ile Kazimiri aliamka, akalalamika kuwa maziwa yamepoa, akayanywa yote hata hivyo, akajilaza tena, asiamke. Kwamba mtu huyu aliyeangusha ndege nne za Wajerumani alimwogopa fahali wetu, na mara moja alikaa juu ya uzio mpaka saa sita mchana, baba anacheka badala ya kumsaidia. Kwamba alicheza kwenye harusi ya wazazi wangu na mtungi wa pombe kichwani, ukaanguka, akaomba mwingine. Nikawaambia kwamba Hana-Kwao alizaa Panda-Uzio, naye akazaa Cheza-na-Mtungi, na huyu mnayemwona hapa anaitwa Lala-Kwake, mlinikatiza kabla sijamfikia. Papa Élie alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Watu wakaanza kuuliza habari za fahali.

Mama Euphrasie hakucheka. Aliweka sombe chini.

“Miye nilikimbia mara tatu,” alisema. “Kila mara niliomba Mungu kitu moja tu, nikufie mu kitanda yangu. Munipe ile kamba.”

Hakuna aliyebisha, hata Élie. Nilimkabidhi kamba, akaishika kwa mikono miwili. Lala-Kwake akamnusa kitambaa cha kichwa, akakubali. Nikamweleza kwamba imebaki desturi moja: anayepokea hulitangaza jina la aliyempa, kwa sauti, wote wasikie, na tangu siku hiyo huapa kwa jina hilo. Nikarekebisha kofia yangu, nikasimama wima nisikie linavyotajwa. Gentil alikuwa tayari amesogea karibu na mlango wa jiko.

Bibi akajaza kifua.

“Kazimiri alinipa ngombe.”

Ua mzima ukaitikia. Ningeweza kumwambia kwamba amekosea, kwamba jina la kutajwa lilikuwa langu. Nikaitikia pamoja nao, machozi yananitoka, na sikuona haya.