Ng'ombe Aliyelala kwa Margwe

Programu ya Gaudensia, mtafiti wa chuo kikuu, ilikuwa na akili nyingi kuliko adabu. Ililinganisha vinasaba vya bakteria wanaotupisha ng'ombe mimba Dongobesh nzima, ikatafuta njia fupi kuliko zote ambayo ugonjwa ungeweza kupita. Njia ikaanzia zizini kwa jirani yao, mzee Margwe. Uvumi ulikuwa umeshavuja; tayari watoto wa Margwe walikuwa wanafukuzwa kisimani.

"Baba, kesho nasoma majibu mkutanoni," alisema Gaudensia. "Aliyeanza ni yule ng'ombe mwekundu wa Margwe."

Baba yake akacheka. "Mwekundu? Huyo ni wetu, binti yangu! Nilimnunua mnadani Katesh, nikampa Margwe amtunze, anywe maziwa. Kompyuta yako haikuuliza ng'ombe ni wa nani?"

"Iliuliza analala wapi tu."

Kicheko kikakatika.

"Nikinyamaza, watamchomea Margwe nyumba," Gaudensia alisema. "Nikisema..."

"Sema. Nitaje mimi."

Kisha baba yake akainuka, akaenda kujaribu komeo la mlango wao kama bado linashika, ingawa jua lilikuwa bado utosini.