Beringi za Gari Namba Saba

Gari namba saba lilikuwa limeshapita Kisian, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kioo cha pembeni, na jeneza la Adongo limelazwa pale ambapo viti vya nyuma viling'olewa asubuhi hiyo. Walter alikuwa kwenye usukani. Alivaa shati jeupe na tai ya kuazima, na tangu watoke chumba cha maiti hakuwa amesema neno ila kumwambia askari wa geti asante.

Walikuwa wanampeleka Asembo Bay, nyumbani kwa mumewe, ambako kaburi lilikwisha chimbwa na watu walikuwa wamekaa hemani wakingoja. Gari lilitolewa na kampuni. Ilikuwa nayo tisa ya aina hiyo, meupe, madogo, ya umeme, ambayo asubuhi hubeba wanafunzi na manesi na mchana hubeba yeyote. Adongo alikuwa fundi wa mota zake. Bwana Gordon, mkubwa wa karakana, alikaa mbele na faili mapajani, maana wapo watu ambao hata matangani huenda na faili. Nyuma, ubavuni mwa jeneza, walikaa Oluoch, mume wa marehemu, na Seline, dada wa Oluoch, muuza dagaa wa omena, mwanamke ambaye hata wakati wa sala ana la kuongeza.

Adongo alikufa wiki mbili kabla, ndani ya gari namba nne, barabara ya Muhoroni. Yeye na Walter walikuwa wakilijaribu baada ya matengenezo. Mota ilikata ghafla katikati ya barabara, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema, na trekta la miwa lililokuwa nyuma halikuwahi kusimama. Walter alitoka na mchubuko wa kiwiko. Siku ya tatu Bwana Gordon alimwekea mezani karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Ilisema kwamba fundi alikuwa anaongea na simu, akasimamisha gari mwenyewe. Walter aliisoma mara mbili. Alikuwa na watoto wanne. Akatia sahihi.

Simu ya Adongo siku hiyo ilikuwa imebaki karakana, kwenye chaji.

Baada ya Holo, kwenye kijimlima chenye kona, Walter alisikia sauti. Magari haya ni makimya, na ndiyo sababu kelele yao ndogo husikika kama kikohozi cha mgeni chumba cha pili. Ulianza mluzi mwembamba, ukafuata mkwaruzo, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Alikuwa ameisikia sauti hiyo mara moja tu maishani. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya kobe, ile inayomjulisha dereva kwamba gari limeamua kutambaa. Kisha hata kobe akachoka. Gari likasimama katikati ya kona.

"Nini?" Gordon aliuliza.

"Imekata."

"Imekata aje?"

"Vile hukata, mkubwa."

Lori la mchanga liliwatokea nyuma, likapiga honi, likakwepa, likapita na upepo uliotikisa jeneza. Oluoch akaruka nje, akavunja matawi kando ya barabara, akayatandaza hatua thelathini nyuma ya gari. Akarudi anatweta. Hayakusaidia sana. Kona ilikuwa imeficha kila kitu, na anayekuja angeyaona matawi na gari kwa mkupuo mmoja.

"Mimi nilijua," alisema Seline, akigonga jeneza. "Nyar Sakwa amekataa. Hataki kuja kwetu."

Hilo halikuhitaji maelezo. Upande huo wa ziwa hakuna asiyejua habari ya gari la maiti lililogoma kwa sababu aliyelala ndani ana kinyongo, na dawa yake inajulikana. Aliyemkosea aseme. Asiposema, hata ulete fundi kutoka wapi, gari halitoki.

Oluoch akapiga magoti kando ya jeneza. "Nyar Sakwa," alisema, akimwita binti wa Sakwa, kwa jina la kwao, kama alivyomwita miaka yote ya ndoa, "kama ni ile cherehani, niliuza mimi. Haikuibiwa. Nilikudanganya."

"Yawa!" Seline alishika kichwa. "Na vile tulitukana yule jirani!"

"Nilitaka neti ya samaki."

Gari kimya.

"Sema na ile ya Ndori," Seline alisema.

"Ya Ndori gani?"

"Omera, usinifanye nitaje jina ya mtu barabarani."

Oluoch akalitaja mwenyewe jina la mwanamke huyo, kwa sauti ndogo. Gari kimya. Seline naye akatoa lake: kwamba ni yeye aliyepitisha maneno sokoni kuwa mikono iliyozoea spana haiwezi kusonga ugali ukaiva. Lori la pili likapita, likakanyaga matawi.

"Bado," Seline alisema. "Kuna mtu hapa hajasema." Akawatazama wa mbele.

Gordon akafungua faili lake, akasoma ukurasa usio na kitu. Walter alishika usukani wa gari lililosimama. Maneno yalikuwa tayari. Aliyajua yote, na alijua pia kwamba atakayoyasema kwa ajili ya Adongo yatasikiwa na Gordon, na kwamba Jumatatu ni siku ya kazi. Kioo kilimwonyesha kona, na mbali, chini ya kijimlima, alisikia injini nyingine ikianza kupanda polepole.

"Adongo," alianza, "mimi siku ile..."

"Hebu nyamazeni wote," ilisema sauti kutoka jenezani. "Ni beringi."

Seline akazifungua skrubu za kifuniko kwa funguo ya nyumba. Adongo akaketi. Alivaa gauni jeupe alilochaguliwa na wakwe, na soksi nyeupe.

"Mnaniita mtu wa kinyongo," alisema, "na mimi nimelala hapa nikisikiliza mota inakufa toka Kisian. Bwana Gordon, habari ya kazi?"

"Nzuri tu. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Walter, zima kabisa. Chomoa plagi kubwa ya betri. Glavu ziko wapi?"

"Hazijanunuliwa."

"Toka mwaka jana?"

"Toka mwaka jana."

"Haya. Sasa umeme utanifanya nini."

Betri ya gari lile ni volti mia tatu na hamsini. Mtu akishachomoa plagi hungoja dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye mitambo ukauke, ndipo aguse. Adongo hakungoja. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, miguu na soksi zake ikibaki barabarani, na Walter akamshikia taa ya simu.

Alifanya kazi akiongea, kama alivyozoea. "Hii ni mota ya sumaku. Kilowati sabini, mizunguko elfu kumi na mbili kwa dakika. Kitabu kinasema haihitaji matengenezo. Haina plagi za kuungua, haina oili ya injini. Kweli. Lakini umeme nao hupotea njia. Ukikosa pa kutokea unapanda kwa shafti inayozunguka, unafika kwa beringi zinazoishika, unaanza kuzitafuna. Huo ndio mluzi mlisikia. Zikitafunwa zinatoa unga wa chuma, unga unaangukia sensa, ile inaambia mota imefika wapi katika mzunguko wake. Mota ikikosa kujua iko wapi, inakata. Dawa ni brashi ndogo ya kaboni ya kugusa shafti, umeme ushuke kwa bodi. Kitu kama kidole. Hii haina. Namba nne haikuwa nayo. Zote tisa hazina. Niliandika barua mara tatu."

"Zilipokelewa," Gordon alisema.

"Basi nifungulie kadi ya kazi. Magari yote yasimame mpaka yapate brashi."

"Adongo, wewe unajua utaratibu. Kadi inafunguliwa na mfanyakazi. Jina lako lilitolewa kwa orodha tarehe kumi na nne."

"Hiyo ni kweli," Adongo alisema. "Basi afungue Walter. Yeye yuko hai, na alikuwa ndani ya namba nne. Aliona vile ilikata."

Gordon akatoa kadi tupu kwenye faili, akaiweka juu ya boneti. Pembeni yake akaweka ile karatasi yenye sahihi, akailaza vizuri isipeperuke.

"Andika tu, Walter," alisema kwa upole. "Lakini ukiandika mota hukata yenyewe, itabidi tusome hii pamoja nayo. Wewe na mimi na wenye kampuni."

Injini iliyokuwa ikipanda sasa ilikuwa imekaribia kona. Oluoch akavua koti, akakimbia kwenda kulipunga.

"Walter," Adongo aliita.

"Naam."

"Andika, tuondoke hapa."

Walter akashika kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika: gari namba saba. Palipoandikwa "Tatizo" mkono ukasimama. Lori likatokea, refu, limejaa mchanga hadi juu, breki zikilia. Oluoch alikuwa anapiga kelele. Seline alikumbatia jeneza tupu. Walter akaandika maneno mawili, na lori likapita ubavuni mwao likiacha nafasi ya kiganja.

Adongo akatoka chini ya gari. Mafundi huzoea kusoma kadi iliyogeuzwa, na yeye aliisoma kutoka upande wa pili wa boneti. Iliandikwa: kelele ndogo.

Hakukasirika. Alimtazama Walter muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akafuta mikono kwenye gauni.

"Nimepangusa sensa," alisema. "Itakufikisha. Usizidishe thelathini."

Akapanda, akalala. Seline akakaza skrubu. Gordon akairudisha kadi failini pamoja na karatasi, na gari likatembea.

Walifika Asembo saa tisa. Wanawake wa boma waliona grisi kwenye gauni la marehemu, wakasema mtu huenda na kazi yake, wakamzika.

Mwezi uliofuata gari namba mbili lilianza kupiga mluzi. Gordon alimwambia Walter alipeleke Asembo. Adongo alitoka, akalitengeneza, akarudi. Tangu hapo kila Jumanne magari hupelekwa kwa zamu. Fundi huyo hali chakula cha mchana, hahitaji glavu, na hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kila mara huuliza brashi. Huambiwa ziko njiani.

Oluoch ameoa mwanamke wa Budalang'i aitwaye Nabututu. Hawagombani, yeye na Adongo. Siku za Jumanne Nabututu huanua nguo zake kwenye kamba ili magari yapate pa kugeukia. Seline amehamishia omena yake getini, na madereva wanaongoja humnunulia. Gordon amepandishwa cheo, ana karakana tatu. Kampuni imeagiza magari mengine ishirini ya mota ile ile, kwa sababu vitabu vya hesabu vinaonyesha kwamba kuyatengeneza si gharama.

Walter bado ni dereva. Siku moja, akiwa amepiga magoti na taa yake, alijaribu kusema habari ya ile karatasi. Adongo alimwambia ashike taa vizuri. Karatasi haijabadilishwa.

Gari namba tano halikuifikia Jumanne yake. Lilikata Jumatatu asubuhi kwenye mteremko wa Riat, na nesi mmoja wa Nyalenda, aitwaye Laila, akafa. Alikuwa Mwislamu. Walimzika siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi, na hakusema kitu.