Nyuma ya Mkunjo

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kaka mkubwa wa mume wa Daktari, na hakuna shemeji aliyemtania Daktari kama yeye. Kila akiingia nyumbani kwao aliuliza kwa sauti kama leo mke wao amepika, au ameshinda anachungulia matumbo ya watu. Daktari naye hakuwa mnyonge. Alimjibu kwamba siku akimpata kitandani hospitalini ataanza na mdomo, ndio wenye ugonjwa.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwambia apimwe. Dada yao Cheche na mdogo wake alikufa kwa saratani ya utumbo mpana kabla hajafika hamsini. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye ini. Baada ya mazishi Daktari aliwaambia wafiwa kwamba waliozaliwa tumbo moja na marehemu lazima wapimwe, hata kama hawaumwi. Mume wake alisafiri hadi hospitali ya mbali, akapimwa na daktari mwingine, akakutwa salama. Cheche alisema hawezi kufunga karakana kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Daktari akamfuata hukohuko karakanani. Pale mjini kipimo kile alikifanya yeye peke yake.

"Basi njoo kwangu, shemeji. Tunapitisha mpira mwembamba wenye kamera, tunaangalia utumbo mpana wote. Unapewa dawa ya usingizi, hujui kinachoendelea."

Cheche akanyanyua kinyago chake cha kuchomelea. "Mnaupitisha wapi?"

"Unajua wapi."

Alicheka, halafu akaacha ghafla. "Wewe ni mke wa mdogo wangu. Kuna mahali shemeji hafiki."

Aliyemshinda ni mke wake. Alimwambia amemuuguza wifi yake mpaka akamfumba macho, na hana nguvu ya kurudia kwa mume. Cheche akaja hospitali, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, hamtazami mtu.

Kipimo chenyewe hakikwenda mbali. Siku iliyotangulia alikuwa amepewa dawa ya kusafisha tumbo, aimalize yote na ashinde kwa vinywaji tu. Yeye alikunywa nusu, iliyobaki akaimwaga kwenye sinki, kisha akala maharage. Kwenye skrini yakaonekana matope. Daktari alipiga maji, akavuta, akapiga tena. Sista, muuguzi wake wa miaka mingi, alibadilisha chupa ya maji. Mwishowe Daktari akatoa kamera.

"Sijaona kitu kibaya," alimwambia shemeji yake alipozinduka, "lakini sijaona vya kutosha. Itabidi turudie."

Cheche aliufunga mkanda wake taratibu. "Kwani kuniona mara moja hakukutosha?"

Jioni mume wake Daktari aliingia na uso umekunjamana. "Kaka anasema umemdhalilisha. Si ungemwambia tu ni mzima, mambo yaishe?"

"Sijui kama ni mzima."

"Kwani uliona nini?"

"Ndilo tatizo. Sikuona."

Walilala wamepeana migongo.

Cheche akakata mguu nyumbani kwao. Salamu alizituma kwa mdogo wake, naye mdogo wake alizifikisha nusu. Karakanani alisema hadharani kwamba wasomi wanapenda kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Mke wake hakubishana naye. Alihamishia mto na shuka chumbani kwa mabinti zake, akasema atarudi siku atakayoshika majibu mkononi. Cheche alivumilia wiki kadhaa, kisha akarudi hospitali.

Safari hii utumbo ulikuwa safi kama bakuli lililooshwa. Kwenye kona ya kwanza Daktari hakusukuma kwa nguvu. Aliingiza maji kidogo badala ya kujaza hewa, akanyoosha mpira, Sista akabonyeza tumbo kwa kiganja, wakamgeuza mgonjwa chali. Wakafika mwisho, pale kidole tumbo kinapoanzia. Kazi yenyewe huanza hapo, wakati wa kurudi: unavuta polepole, unatazama ukuta wote, unachungulia nyuma ya kila mkunjo. Daktari alimaliza upande wa kulia bila kuona kitu. Moyo ukamwambia maliza, mfunike huyu mtu, arudi kwa mke wake.

"Narudi tena kulia," akasema.

Sista akamtazama. "Umeona nini?"

"Hakuna. Uvimbe wa dada yao ulikuwa kulia."

Mara ya pili ndipo alipoona ute umetulia nyuma ya mkunjo. Akauosha. Chini yake palikuwa na baka bapa, rangi yake karibu sawa na ya ukuta. Akanyunyizia dawa ya buluu, kingo zikajitokeza, katikati pamebonyea. Bado alikuwa na tumaini. Baka la namna ile unalichoma sindano ya maji chini yake, linainuka kama lengelenge, unalikata kwa kitanzi cha waya, basi. Akachoma. Pembeni pakainuka. Katikati pakabaki palepale.

"Ongeza," akasema, na Sista akaongeza. Pakakataa.

Wote wawili walijua maana yake: lilikuwa limeshazama ndani ya ukuta wa utumbo. Daktari hakulikata. Alichukua vipande vidogo vya kupeleka maabara, akaweka alama ya wino mweusi karibu yake ili mpasuaji alipate kwa urahisi.

Majibu yalipotoka aliwaita Cheche na mke wake, pamoja na mume wake mwenyewe. Hakuzunguka. Alisema saratani.

Cheche aliuliza swali moja tu. "Ile mara ya kwanza lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Na hukuliona."

"Sikuliona."

Mke wa Cheche alitazama sakafu. Hakuna aliyetaja maharage.

Cheche alipasuliwa, ukaondolewa upande wote wa kulia wa utumbo mpana. Tezi moja ya jirani ilikutwa na ugonjwa, kwa hiyo ikafuata dawa ya dripu kwa miezi mingi. Dawa ilimwachia uhai lakini ilimtia ganzi vidoleni. Hakuweza tena kutofautisha kwa kugusa chuma cha moto na cha baridi, na karakana akaikodisha. Vipimo vilivyofuata vilikuwa safi. Lakini Daktari alipokwenda kumwona, alimkuta mtu mwingine. Aliinuka kitini kumpisha, akamwita "Daktari" badala ya shemeji, akamshukuru kwa heshima zote. Utani uliisha kabisa.

"Si yupo hai," mume wake alimwambia.

"Yupo," akajibu, akafungua bomba la jikoni ili asisikike analia.

Binti mkubwa wa Cheche alipokuja kupimwa, Daktari alipata vinyama viwili vidogo utumboni, akavikata hapohapo. Alipouliza nani wa kumrudisha nyumbani, Sista alimwambia baba yake yuko nje, amekataa kuingia. Daktari alitoka na nguo zake za kazi. Cheche alikuwa amesimama kando ya ukuta.

"Vilikuwepo viwili," Daktari akasema. "Nimevitoa. Vinakwenda maabara, lakini hivi viliinuka vizuri. Sina wasiwasi navyo."

Cheche aliteremka taratibu mpaka akachuchumaa, mikono juu ya kichwa, mabega yakimtikisika. Daktari alitaka kumshika, lakini hakujua kama angeruhusiwa. Alisimama pale karibu naye, juani, mpaka binti akatoka.