Punda wa Malkia

Jumapili, tarehe kumi na tisa Novemba. Kulikucha na manyunyu membamba, yale yasiyomlowesha mtu kwa haraka bali kwa subira, na upepo mkali ulikuwa ukigonga mabati ya nyumba ya wageni tangu alfajiri. Nilipomaliza sala zangu nilichungulia dirishani, nikamshukuru Mungu kwa yote, maana tumefundishwa kushukuru kwa kila jambo. Kwa upepo nilishukuru kwa kifupi.

Upepo ndiyo kazi yangu. Watu wengi hudhani mbio za baiskeli ni za mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kila mtu ana kiti chake. Sivyo. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake hutumia nguvu kidogo kuliko aliye mbele, kama vile mgeni anavyochoka kidogo kuliko aliyempikia. Kwa hiyo kila timu ina mtu wa kushinda, na ina watu wa kumkatia upepo, kumbebea maji na kumsubiri akipata pancha. Katika timu yetu ya wanawake, wa kushinda aliitwa Malkia. Mimi niliitwa Punda. Majina hayo yalitolewa kwa upendo, hasa lile la kwanza.

Kikao chetu kilifanyika mezani, kwenye chumba cha kulia, baiskeli zikiwa zimeegemezwa ukutani kama ndugu waliokuja bila kualikwa. Kocha alisogeza sahani kando ili atuonyeshe mpango wa siku.

"Malkia ni huyu," akasema, akiweka birika la chai katikati. "Hawa wa kumlinda." Akatawanya vijiko. "Na wewe, Punda, ni huyu hapa mbele." Akachagua kijiko kilichopinda shingo.

"Kocha, hata kijiko kizima umemkosesha?" aliuliza Fundi, mama wa makamo anayetutengenezea baiskeli, ambaye sijamwona akinyamaza mbele ya mtu yeyote.

"Kilichopinda ndicho chenye uzoefu, mama."

Malkia alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu vijiko havinuni.

Kisha Kocha akasafisha koo. Kamati ilikuwa imeamua kupunguza timu mwakani. Mwendeshaji ambaye msimu huu hakuingia tano bora hata mara moja, wataagana naye kwa heshima. Alisema "kwa heshima" huku akitafuta sukari. Wenzangu wote wakaangalia meza. Kila mmoja wao alikuwa ameshapewa siku yake ndogo ya kujaribu bahati, wakati Malkia anapumzika. Mimi sikuwahi kupewa, maana asiyepumzishwa kamwe ni Punda.

"Kocha, leo ndilo shindano la mwisho," nikasema.

"Ndilo."

"Na leo natakiwa nimvute Malkia mpaka mita mia mbili za mwisho, halafu nimpishe."

"Kama kawaida."

"Halafu niingie tano bora."

"Timu ni familia, Punda," akasema kwa sauti ya kuliwaza. "Kila mtu ajitume."

Nikaelewa. Ilikuwa ile familia ambayo mmoja anakula na wengine wanashiba kwa kumtazama.

Nieleze hiyo kawaida, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Kila shindano lilikuwa na mwisho mmoja kwangu: bango la mita mia mbili. Nalifikia nikiwa mbele, mbio zote, Malkia nyuma ya gurudumu langu. Nahama kushoto, natikisa kiwiko, napaza sauti "Pita!" Yeye anapita, nami naacha kukanyaga. Akivuka mstari nainua mikono kumshangilia. Kwa misimu sita picha zetu gazetini zimekuwa na Malkia mzima na kiwiko changu.

Mama yangu alikuwa amekuja kuniona nikishindana kwa mara ya kwanza. Nilimkuta karibu na mstari wa kuanzia, ndio huohuo wa kumalizia, akiwa na mwavuli na koti lake la ibada.

"Utashinda leo?"

"Mama, mimi sishindi. Nasaidia."

"Haya. Kusaidia ni kwema." Akaurekebisha ukosi wa fulana yangu kama nakwenda shule. "Lakini mimi sikupanda basi kuja kumtazama binti wa mwenzangu."

Tukaondoka. Mwanzoni mambo yalikwenda kwa utaratibu wake mtakatifu. Nilirudi nyuma kwenye gari la timu, nikajaza chupa za maji mgongoni mwa fulana mpaka nikafanana na jina langu, nikapanda tena hadi mbele ya kundi nikihema.

"Dada, maji haya ni ya baridi," Malkia akasema.

"Mvua inanyesha, mdogo wangu."

"Ungeyaweka kifuani kwanza yapate joto."

Nikayaweka kifuani. Nilimwomba Mungu anipe moyo wa upole, naye akanipa, ila ulikuja mdogo kuliko ule nilioomba. Nikamnyooshea na mkate wenye asali.

"Kula, mlima uko karibu."

"Nitakula baadaye. Nikivua glavu vidole vitaganda."

"Nikulishe?"

"Dada na wewe! Watu wanatazama."

Malkia si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu mtu aliyebebwa muda mrefu hana namna ya kujua kwamba ardhi iko mbali.

Mlimani, mwendeshaji mmoja wa timu ya fulana za kijani alitoka peke yake mbele ya kundi. Nilimwambia Malkia ashike gurudumu langu tumfuate. Nilipogeuka hakuwapo. Alikuwa nyuma, anakanyaga kama aliyefungiwa gogo. Njaa ya baiskeli haipigi hodi. Inaingia, inazima taa, inakaa. Nikapunguza mwendo kumsubiri, kundi likatupita, na tano yangu bora ikatupita pamoja nalo. Ndipo Kocha akaniita kwenye redio ya sikioni.

"Punda, mwache! Nenda!"

"Niende wapi, Kocha?"

"Mbele!"

"Nikamletee nini?"

Nilisikia vifuta maji vya gari lake vikienda na kurudi.

"Humletei kitu. Nenda ukashindane."

Nilimtazama Malkia. Midomo ilikuwa imempauka. "Nenda, dada," akasema, naye akaonekana kushangaa maneno hayo yametoka wapi. Nikamwachia mkate ule, safari hii akaupokea na glavu zake, nikaenda.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimezoea kuendesha nikigeuka nyuma kama mama mwenye mtoto sokoni, na sasa sikuwa na mtoto. Nililipita kundi kabla ya kilele, nikamfikia wa Kijani kwenye mteremko, maji ya barabarani yakituruka usoni.

"We si Punda wa Malkia?" akauliza.

"Ndiye."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anakula."

Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Tukapokezana upepo, mara yeye mbele, mara mimi, na Kocha akaniambia redioni kwamba nyuma yetu kuna wanne wanaotufukuza, waliobaki wako mbali. Nikapiga hesabu yangu. Tulikuwa wawili mbele. Hata wa tano angebaki kazini. Kwa mara ya kwanza nilihitaji tu kutofanya upumbavu.

Tuliingia mjini. Maduka yalikuwa yamefungwa, watu wamesimama chini ya vibaraza, chumba cha kinyozi kimejaa vichwa mlangoni. Mimi nilikuwa mbele, Kijani ameganda nyuma ya gurudumu langu. Nikaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, niwezeshe kuifanya kazi yangu ipasavyo. Siku hizi nachagua maneno ya sala kwa uangalifu zaidi.

Bango la mita mia mbili likatokea.

Nilihama kushoto. Nikatikisa kiwiko. Nikapaza sauti, "Pita!"

Kijani, mtu aliyelelewa vizuri, akasema, "Asante, dada!" akapita.

Nami nikaacha kukanyaga. Nikakaa wima nikiserereka, nikashusha pumzi. Alipovuka mstari nikainua mikono yote miwili juu kumshangilia, kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyemaliza zamu yake. Ndipo nilipoona fulana ni ya kijani. Mikono ikiwa bado juu, wale wanne wakanipita, wawili kulia na wawili kushoto, kama maji yanavyolipita jiwe. Nilimaliza wa sita.

Kwenye hema letu Mama alifika kabla ya Kocha.

"Mwanangu, yule binti wa kijani ni ndugu yetu?"

"Hapana, Mama."

"Mnadaiwa fadhila?"

"Hapana."

"Basi umempisha kwa nini?"

"Mazoea, Mama."

Akafunga mwavuli polepole. "Adabu nilikufundisha mimi. Hiyo sikukufundisha."

Kocha akaingia amelowa, ameshika kichwa. "Punda! Misimu sita nakufundisha, nakufundisha..."

"Ndiyo, Kocha. Na nimeshika."

Fundi alicheka hadi spana ikamdondoka mguuni, akaendelea kucheka huku akiushika mguu.

Mwenyekiti wa kamati alikuja mkavu, na watu wa aina yake sijui hukaukia wapi. Akatoa hotuba. Alisema dada yetu ameonyesha moyo wa kujitolea usio na mipaka, hata mipaka ya timu. Alisema mimi ni taa, ni chumvi, ni mfano kwa mabinti wanaochipukia. Alinivika kilemba cha ukoka kirefu mpaka shingo ikaniuma, na alipomaliza kunivika akasema uamuzi ni uleule, tano bora ni tano bora, tutaagana kwa heshima. Heshima ilitajwa mara nyingi sana. Mimi niliangalia viatu vyangu na kufikiri kwamba kesho asubuhi nitaamka nikiwa sina mahali pa kwenda na baiskeli. Hapo sikuwa na mzaha wowote.

Pazia likafunguliwa. Alikuwa Kijani, medali shingoni, pamoja na kocha wao, bibi mrefu mwenye filimbi.

"Dada, nimekuja kushukuru," Kijani akasema. "Nimeshindana miaka mingi, sijapata kuvutwa vizuri namna ile. Laini kabisa! Nilihisi nasukumwa na mkono."

"Tumesikia hapa mnaagana naye," bibi wa filimbi akaongeza. "Sisi tunamtaka mwakani. Kazi ileile."

"Haiwezekani!" Kocha akaruka. "Huyu ni uti wa mgongo wa timu yetu!"

"Tangu lini?" akauliza Fundi.

"Tangu zamani!"

Mwenyekiti akakohoa, akasema uamuzi wa kamati, kwa kweli, una nafasi ya kutazamwa upya. Watu husema shukrani za punda ni mateke. Siku hiyo nilijifunza kwamba jirani akianza kumtazama punda wako, hata wewe unakumbuka kwamba punda hula majani.

Basi nilikuwa nimeomba mahali pamoja, nikapewa pawili. Ningepaswa kupiga magoti pale pale. Lakini nilipopatazama vizuri palikuwa mahali palepale: mbele ya mtu mwingine, kwenye upepo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitakwenda kwa atakayenipa shindano moja. Moja tu kwa msimu. Timu nzima inikatie upepo mimi, hata nikiwa wa mwisho."

Kila mtu akapata shughuli. Bibi wa filimbi akaikagua filimbi yake. Kijani, aliyenishukuru sana, akatazama juu ya hema kuona kama linavuja. Mwenyekiti akasema kamati itakaa. Kocha akasema wazo ni zuri, zuri sana, tatizo ni wakati.

Malkia alishushwa kutoka kwenye gari la kuwaokota waliochoka, blanketi mabegani, makombo ya mkate kidevuni. Alikuwa amepanda nusu ya mlima peke yake kabla ya kuokotwa. Alikaa juu ya sanduku la vifaa la Fundi.

"Dada," akaniita. "Kumbe upepo ndivyo ulivyo?"

"Ulivyo vipi?"

"Unakusukuma kifua kama mtu mwenye hasira."

"Ndivyo ulivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mdogo wangu."

Akafuta kidevu, akawageukia wengine. "Nimesikia kutoka nje mnachobishania. Mbio za kwanza mwakani ziwe zake."

"Malkia, hayo tutayazungumza ofisini," Kocha akasema haraka.

"Yazungumzwe hapa hapa," Mama akamkata. Nilidhani amesinzia. "Ya ofisini hayana masikio. Binti, simama useme, hawa wote wasikie."

Malkia alimtazama Kocha, akamtazama Mwenyekiti, akaliacha blanketi lidondoke kwenye matope.

"Mbele ya mama huyu," akasema, "na Fundi, na Kocha, na Mwenyekiti, na hawa wa kijani, na Mungu anayesikia: mbio za kwanza za msimu ujao nitakaa mbele ya dada yangu, upepo uanzie kwangu. Nikichoka, nitachoka nikiwa mbele. Siku hiyo hakuna atakayemwita Punda. Na nikianza kulalamika, Fundi, una ruhusa ya kuitumia hiyo spana."