Sentimita Arobaini

Mama yule mzee alipiga magoti mbele ya kasha langu kama mtu aliyekuja kuungama, akachomoa futi kamba mfukoni mwa koti, akaanza kupima. Nasema kasha langu, neno ambalo siku ile sikuwa na ruhusa ya kulitamka. Kasha lilikuwa la mkulima fulani wa Pennsylvania, Amerika, aliyekufa zamani bila kuacha jina. Mimi nilikuwa mtu wa kubeba.

"Inchi arobaini na saba na robo," alisema Bi Whitcomb, akaandika kwenye kadi. Akapima upana. "Kumi na tisa na... karibu robo tatu." Alikunja uso kidogo. "Nitolee droo, tafadhali."

Nikaitoa. Russell, bosi wangu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, anatabasamu lile tabasamu lake la kuuzia. Kabla yao wote wawili nilikuwa nimeshaliona kosa langu.

Sikuanza kwa kudanganya. Tulifika Sydney, mimi, mke wangu Chibalonza na binti yetu Ketsia, baada ya miaka saba ya kambi Uganda. Bukavu nilikuwa seremala, mwana wa seremala. Vyeti vyangu viliungua pamoja na karakana ya baba, na hapa fundi si mikono, fundi ni karatasi. Nilipigia watu randa, nikawaonyesha viungo vya mbao visivyopitisha hata unywele, wakasema vizuri sana, cheti kiko wapi? Chuo kimoja kikanipa daftari: nifanye kazi miaka miwili chini ya mwajiri, naye atie saini kila ukurasa. Mwajiri pekee aliyekubali alikuwa Russell, mwenye banda nyuma ya duka la matairi kule Auburn.

Russell aliagiza kwa kontena vitu vya kale vya mashambani Amerika. Viti vya wakulima, makabati yenye rangi iliyobabuka, mablanketi ya viraka, majogoo ya bati yaliyokuwa yakizunguka juu ya mapaa kuonyesha upepo, na bata wa mbao ambao wawindaji waliwaelesha majini ili bata wa kweli wadhani wamewaona wenzao. Wakusanyaji wa hapa wanavipenda vitu hivi kwa mapenzi ambayo mwanzoni yalinichekesha. Kwetu kabati likibabuka hivyo, unawaomba wageni radhi. Hapa mgeni ndiye anayelipapasa kwa kidole na kuvuta pumzi.

Nilianza kwa kurekebisha mguu wa kiti. Kisha ubao wa mgongo. Kisha droo nzima, kwa kunakili ile iliyooza. Russell alisema hajapata kuona mkono kama wangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa na miaka saba sijasifiwa na mtu. Kontena moja likaleta kasha lililoliwa na wadudu hadi likabaki mfuniko tu. Akaniuliza, "Unaweza kuufanyia kasha lake?" Nikasema naweza, na nilisema kwa furaha, ndiyo inayoniuma.

Nilitumia mbao za sakafu ya nyumba iliyobomolewa. Nilizipaka chai kali, kisha siki niliyoloweka sufu ya chuma, nikazichapa kwa mnyororo wa baiskeli, nikapaka rangi ya buluu iliyokorogwa kwa maziwa na chokaa, nikaikwangua pale ambapo magoti ya watu yangepita. Vumbi la kona nilikung'uta kutoka kwenye mfuko wa mashine ya kufagilia. Kwa wiki tatu nililizeesha kasha lile miaka mia mbili. Nilijua litauzwaje, nisijifanye malaika. Lakini kila nilipotaka kusema neno, nililikumbuka daftari. Zilikuwa zimebaki kurasa sita.

Wateja walipokuja, mimi niliingia nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba kwenye stoo. Huko ndiko nilikokula sombe yangu ya baridi, kisamvu cha kwetu, nikisikiliza vitu vyangu vikisifiwa. Siku moja mwanamume mmoja alisema, "Tazama kona hizi. Siku hizi hakuna tena watu wa kutengeneza hivi." Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, kijiko mdomoni. Nilitafuna polepole ili nisisikike.

Siku aliyokuja Bi Whitcomb, Russell alikuwa anaumwa bega, akaniita nitoke nimsaidie kugeuza kasha. Mama huyu alizaliwa Ohio, akaolewa Sydney, na kwa miaka hamsini alikuwa akikusanya vitu vya kwao. Kila kitu alikiandikia kadi yake: mti gani, mahali gani, mwaka gani, fundi nani. Na kila kitu alikipima mwenyewe.

"Kumi na tano na robo tatu," alisema, futi kamba ikiwa ndani ya droo. Robo hapa, karibu robo tatu pale, hakuna hata kipimo kimoja kilichoangukia inchi kamili. Akaigeuza futi kamba upande wa pili, ule wa sentimita, akapima upya. Mia na ishirini. Hamsini. Arobaini.

Arobaini kamili, bila unywele wa ziada. Siku za mwizi nazo ni arobaini, na mimi nilikuwa nimezikata kwa msumeno wangu mwenyewe.

Maana baba yangu alifundishwa na mabruda wa misheni, na mabruda walimpa metre ya mbao ya kukunja, ya njano. Alipokuwa akinifundisha, nikimwambia ubao umepungua kidogo tu, papa, alikuwa ananiwekea ile metre mbele ya pua: "Metre haina ndugu." Nilipokuwa nikinakili vitu vya Wamarekani nilinakili na inchi zao bila kujua. Lakini kasha hili, ukiacha mfuniko niliouongezea kibao ili ulingane nalo, nilikuwa nimelitoa kichwani, na kichwa changu hakina inchi hata moja.

Bi Whitcomb aliinuka kwa shida, akashika ukingo wa kasha. Hakumtazama Russell. Alinitazama mimi.

"Nani alipima hili?"

"Droo zimekarabatiwa," Russell akadakia. "Ni jambo la kawaida kwa kitu cha umri huu. Cirhuza hapa alizikaza kidogo. Sivyo, Cirhuza?"

Alinifungulia mlango kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Kule kwenye matairi mashine ya upepo ilikuwa ikinguruma, na juu ya meza ya Russell niliona pembe ya daftari langu chini ya ankara. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mpakani, kwa sababu mpakani hakuna aliyeniuliza mimi ni nani kwa sauti ya upole.

"Ni mimi," nikasema. "Si droo tu. Lote, isipokuwa mfuniko."

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Whitcomb aliinama tena, akapitisha vidole kwenye meno ya kona, mahali mbao mbili zinapoumana, akayafuata moja moja hadi chini.

"Nina kadi zaidi ya mia mbili nyumbani," alisema. "Karibu zote zimeandikwa fundi hajulikani. Sijapata hata siku moja kukutana na mmoja nimuulize." Akanyoosha mkono, akachukua penseli iliyokuwa sikioni kwangu, akanirudishia mkononi. "Andika jina."

Nililaza droo kifudifudi, nikaandika chini yake: Cirhuza, mwana wa Bukavu. Auburn. Na mwaka. Herufi zilitoka kama za mtoto. Nilipoinua kichwa nilikuwa na tumaini, sitaficha. Nilidhani ukweli ukishasemwa una cha kukupa.

"Asante," alisema. "Mimi nanunua vya kale tu." Akafunga koti lake, akaondoka.

Russell alisubiri mpaka gari la mama yule lilipoishia kwenye kona. Kisha akalichomoa daftari chini ya ankara, akanipa na kurasa zake sita nyeupe. "Waambie na watu wa chuo nani alipima," akasema.

Nyumbani Rooty Hill nilimweleza Chibalonza jikoni. Alizima jiko kwanza. "Na sasa cheti?" aliniuliza. "Tutakula ukweli, papa Ketsia?" Alinipakulia chakula, akanisogezea kiti, akakaa kando yangu, na hilo lilikuwa zito kuliko ugomvi.

Sasa ni mwaka wa pili niko bohari la Seven Hills, napanga maboksi kwenye baridi, nimevaa glavu nene ambazo haziwezi kushika patasi. Chuo kilisema daftari lisilokamilika halihesabiwi, nianze upya nikipata mwajiri. Sijampata.

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, Ketsia alinisogezea simu yake ndani ya treni. "Papa, isn't this yours?" Lilikuwa lile kasha, la buluu, kwenye tangazo la mnada. Akanisomea kwa Kiingereza, nami nikafuata kwa kidole: Pennsylvania, karibu mwaka elfu moja mia nane thelathini, fundi hajulikani. Kulikuwa na picha ya droo imepinduliwa. Niliikuza. Pale nilipoandika jina palikuwa peupe kidogo. Pamepigwa msasa, pakapakwa chai, tena kwa haraka, si kazi safi.

"They erased you," alisema binti yangu.

Nilishuka na macho hadi chini ya picha, mahali wanapoandika vipimo, kwa sababu mnada wa hapa hutumia vipimo vya hapa. Nikamwomba anisomee ule mstari.

"Drawer," alisoma. "Depth, forty centimetres."

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena.