Damu ya Rukia

Daktari alitaka damu ya wenye afya ailinganishe na ya wagonjwa wa safura, ugonjwa wa kupungukiwa damu. Benedicta, mwanafunzi wa uuguzi pale Iringa, akaenda jikoni nje ya wodi, walikopika ndugu wa wagonjwa, akamkuta Rukia.

“Shikamoo, mama. U mzima?”

“Marahaba. Buheri wa afya, mwanangu! Mgonjwa ni mdogo wangu.”

Akamtoa damu. Ilipopimwa, ilikutwa dhaifu kuliko ya mdogo wake.

Benedicta akarudi mbio. “Mama, mbona ulisema u mzima?”

“Si ulinisalimu? Salamu hujibiwa vipi tena?” Rukia aliendelea kukoroga uji. “Kizunguzungu ninacho tangu tuvune mpunga Rujewa. Lakini nikilazwa, nani atampikia?”

Benedicta akaupokea mwiko, taratibu. “Nitawapikia wote wawili.”