Shangazi Amemfuta Baba

Mimi nilijiona mjanja kweli. Nilitengeneza tovuti ya ukoo wetu, nikaiunganisha na hifadhidata, yaani ghala la majina linalokaa nyuma yake, nikaweka na vitufe vya kuongeza, kutazama, kubadilisha na kufuta watu. Kila mtoto nikamfunga kwa mzazi wake ili asizagae. Kisha, kwa akili zangu hizi, nikampa shangazi ruhusa zote, eti kwa kuwa ndiye mkubwa.

Juzi baba, mdogo wake, akabandika humo picha ya shangazi amelala kwenye kochi, mdomo wazi, nzi anajongea. Shangazi hakupiga simu kugomba. Alimfuta.

Sasa kwa jinsi nilivyowafunga watu, baba alipoondoka aliondoka na wanawe wote, nikiwemo mimi niliyeijenga tovuti yenyewe. Nilimfuata shangazi sebuleni kwake, nimefura.

"Shangazi, umetufuta sote."

"Nyie sikuwagusa. Nimemgusa baba yenu."

"Ndiyo tumekwenda naye."

Akavaa miwani, akafungua kompyuta yake, akateremka na ukurasa mpaka mwisho. Hatukuwemo. Uso ukamshuka.

Nilikuwa na nakala ya majina yote, jamani. Amri moja tu ingeturudisha wote. Lakini tangu ile picha wawili hawa walikuwa hawasemeshani, na mimi nimechoka kutumwa huku na huku kama tarishi. Nikamkazia macho nikamwambia hakuna njia, aanze kumwandika baba upya kwa mkono wake.

Fomu ikamdai tarehe ya kuzaliwa.

"Na zee zima hili tarehe yake nitaitoa wapi?" akanung'unika. Akampigia, akaiweka simu mezani, spika ikiwa wazi.

"Shikamoo dada," baba akasema, mpole ghafla. "Naifungua hiyo tovuti tangu asubuhi. Naona simo."

"Marahaba. Acha kudeka, taja tarehe."

Akataja. Shangazi akadonoa herufi kwa kidole kimoja, ulimi nje, mpaka akafika panapoulizwa mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na dharura.

"Hapa nimweke nani?"

"Kwani tangu lini amekuwa mtu mwingine, dada?"

Shangazi akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akairudisha. Kisha akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa tupu.